Rangi Chache, Lebo Inayosomwa: Mazungumzo na Wanaoanza Kupaka Vijisanamu



Leo tunazungumzia bidhaa ambayo ni nadra kutajwa katika vikao vya watumiaji: rangi na zana za kupakia vijisanamu vya michezo ya vita ya mezani. Mchezo huu ni wa zamani. Mwaka 1913, mwandishi Mwingereza H. G. Wells alichapisha kitabu cha kanuni zake, Little Wars, enzi ambazo askari wa kuchezea walisubuliwa kwa madini ya risasi. Siku hizi vijisanamu vingi ni vya plastiki, vyenye kimo cha milimita 28 hivi, na mara nyingi huuzwa vikiwa vipandevipande na bila rangi. Mnunuzi hugundua baadaye kwamba lazima atafute gundi, rangi na brashi. Hapo ndipo fedha hupotea bure, na hapo ndipo afya ya nyumba nzima inaweza kuwekwa rehani.

Tuanze na aina ya rangi. Anayeanza anunue akriliki ya maji iliyotengenezwa kwa kazi hii. Hukauka kwa dakika chache, na brashi yake huoshwa kwa maji. Asishawishike kutumia rangi ya mafuta iliyobaki baada ya kupaka mlango. Rangi hiyo ni nzito, hufunika macho na vidole vya kijisanamu, tena huhitaji tina, ambayo mvuke wake unadhuru. Zaidi ya hayo, kopo la zamani linaweza kuwa na madini ya risasi. Viwango vya rangi vya Afrika Mashariki vimeweka kikomo cha sehemu 90 za risasi katika kila sehemu milioni, lakini kopo lililokaa stoo miaka mingi halikupimwa kwa kikomo hicho. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama.

Je, rangi ngapi zinatosha? Tunashauri saba: nyeusi, nyeupe, nyekundu, buluu, njano, kahawia na ya fedha. Nyekundu na njano huzaa rangi ya chungwa. Buluu na njano huzaa kijani. Kahawia ikiongezwa njano na nyekundu kidogo hutoa ngozi nzuri za watu. Seti ya vichupa hamsini humpendeza anayeitazama, lakini vingi kati ya hivyo hukauka kabla havijafunguliwa mara ya pili.

Bei nayo isomwe pamoja na ujazo. Vichupa hivi havilingani: vipo vya mililita 12, vipo vya 17 au 18. Tuchukue mfano. Kichupa cha mililita 12 kikiuzwa shilingi 9,600, kila mililita ni shilingi 800. Cha mililita 18 kikiuzwa shilingi 10,800, kila mililita ni shilingi 600. Kilichoonekana ghali ndicho rahisi. Anayeagiza kutoka nje ajumlishe pia nauli na ushuru kabla ya kulinganisha.

Sasa tuigeuze chupa tuone nyuma. Maandishi ya mbele huwekwa ili kuuza. Ya nyuma ndiyo yanayomlinda mnunuzi. Bidhaa nyingi kutoka Marekani huandikwa ASTM D-4236. Wengi hudhani hicho ni cheti cha kutokuwa na sumu, kumbe sivyo. Maana yake ni kwamba mtaalamu wa sumu amepitia viambato, na kwamba madhara ya muda mrefu, kama yapo, yameonywa kwenye lebo. Basi onyo lenyewe lisomwe. Kwenye rangi za wasanii, alama PR 108 na PY 35 huonyesha kuwapo kwa kadimiamu, madini ambayo hayafai kuingia mwilini. Hata chupa iliyoandikwa kuwa haina sumu haimpi mtu ruhusa ya kunyoosha ncha ya brashi kwa ulimi, desturi iliyozoeleka miongoni mwa wapakaji. Ncha inyooshwe kwa kitambaa chenye unyevu, na kikombe cha kuoshea brashi kisitumiwe tena kwa chai.

Kuhusu brashi, wanaoanza hukimbilia zile nyembamba mno, wakiamini kuwa kitu kidogo hupakwa kwa brashi ndogo. Rangi hukauka kwenye ncha hiyo kabla haijafika kwenye kijisanamu. Brashi mbili za mviringo, namba 1 na namba 2, zinatosha. Mwombe muuzaji maji, uilowanishe brashi na kuitikisa: nywele zikikusanyika kwenye ncha moja, inunue, zikitawanyika, irudishe. Ukishamaliza kazi, ioshe kwa sabuni na usiache rangi ipande hadi kwenye shingo ya bati.

Zana nyingine ziwe chache: koleo ndogo ya kukatia, kisu kikali chenye kifuniko, tupa laini na gundi. Huna haja ya kununua ubao wa kuchanganyia rangi. Kigae cheupe kinatosha. Vijisanamu vya rezini visuguliwe vikiwa na maji, na msuguaji avae barakoa, kwani vumbi lake hudhuru mapafu. Vile vya zamani vya chuma, hasa vilivyotengenezwa kabla ya miaka ya 1990, huenda vina risasi. Visipewe watoto, na kila aliyevishika anawe mikono. Rangi ya kwanza, ambayo mafundi huiita praima, inunuliwe ile ya kupaka kwa brashi. Ya kupuliza hutoa mvuke unaowaka, hivyo hupulizwa nje tu, mbali na moto. Tena makopo yake hayapokelewi kwa posta ya ndege kama vifurushi vya kawaida.

Mwisho, dai risiti na uitunze. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza biashara ya kumpotosha mnunuzi. Ukiuziwa kichupa kilichokauka, au kisicho na kile kilichoandikwa juu yake, kirudishe dukani mapema pamoja na risiti. Ukikataliwa, tuletee malalamiko yako ukiwa na bidhaa yenyewe na lebo yake.

Haba na haba hujaza kibaba. Nunua rangi saba, zitumie mpaka uzifahamu, ndipo uongeze ya nane kwa sababu unayoweza kuitaja.