Wakili wa Ndani ya Taasisi: Kazi Yake na Pesa ya Mwananchi



Mtu akitaja wakili, wengi humwona mtu wa joho na koti jeusi akisimama mbele ya jaji. Lakini yuko wakili mwingine ambaye huenda asiingie kortini mwaka mzima. Huyu ameajiriwa. Ofisi yake iko katika jengo lile lile la mkurugenzi, na mshahara wake hutoka benki, kwenye sacco, kiwandani, katika kampuni ya maji au serikali ya kaunti. Hana wateja wengi. Anaye mmoja tu, na huyo mmoja ndiye anayeweza kumfuta kazi. Ugumu wa kazi yake unaanzia hapo.

Kaunti ina wakili wa namna hiyo. Sheria ya Ofisi ya Mwanasheria wa Kaunti ya mwaka 2020 inasema Mwanasheria wa Kaunti huteuliwa na Gavana kwa idhini ya Bunge la Kaunti, naye huwa mshauri mkuu wa serikali ya kaunti katika mambo ya sheria. Kampuni za maji nazo zina mawakili wao, na hao hali yao ni ya pekee. Kampuni ya maji imesajiliwa kama kampuni nyingine yoyote, kwa hiyo inafungwa na Sheria ya Kampuni ya 2015. Papo hapo mali yake ni ya umma, kwa hiyo inafungwa pia na sheria za ununuzi wa umma na za fedha za umma. Mara nyingi wakili huyo ndiye pia katibu wa kampuni, anayeandika kumbukumbu za mikutano ya bodi. Asubuhi anaishauri bodi, alasiri anamshauri meneja ambaye bodi hiyo inataka kumhoji.

Jambo linalowaumiza wakazi zaidi ni kandarasi. Chukua mfano wa kijana mwenye kampuni ndogo ya ujenzi. Amepata barua kwamba ameshinda zabuni ya kutandaza mabomba. Kiangazi kimekaza, watu wanalalamika, na afisa mmoja anampigia simu: anza kazi, karatasi zitafuata. Kijana anachukua mkopo, ananunua mabomba, anaajiri vibarua. Kazi inaisha. Anapeleka ankara, nayo inafika mezani kwa wakili wa ndani, ambaye anauliza swali moja: mkataba uliotiwa saini uko wapi?

Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015, kifungu cha 135, haina utata. Barua ya ushindi si mkataba. Hakuna mkataba mpaka pande zote mbili ziweke saini kwenye maandishi, na saini hiyo haiwekwi kabla ya siku 14 kupita tangu washindani wajulishwe matokeo. Siku hizo 14 zimewekwa kwa sababu. Aliyeshindwa ana nafasi ya kupeleka malalamiko yake mbele ya bodi ya kitaifa inayopitia zabuni, nayo bodi hutakiwa kuamua ndani ya siku 21. Malalamiko yakifika huko, zabuni husimama.

Mwaka 2019 Mahakama ya Rufaa iliamua kesi ya kampuni kubwa ya utangazaji iliyodai malipo ya matangazo iliyoyarusha kwa niaba ya tume ya uchaguzi. Matangazo yalirushwa kweli. Lakini utaratibu wa ununuzi haukufuatwa, na mahakama ilikataa kuamuru malipo. Ikiwa kampuni kubwa yenye mawakili wake ilirudi mikono mitupu, kijana wa mabomba atafika wapi?

Kwa hiyo wakili akikataa kuidhinisha ankara ile, anaonekana mkatili. Akiidhinisha, anaweza kuulizwa na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ni kwa sheria ipi pesa ya umma ilitoka. Pahali pake pa kuzuia balaa hii palikuwa mapema, kabla ya ile simu kupigwa. Sheria hiyo hiyo inakataza kuanza ununuzi kabla afisa mhasibu hajahakikisha kwamba pesa zimetengwa kwenye bajeti. Wakili anayeitwa mwishoni ili abariki yaliyokwisha kutendeka hana faida kubwa kwa mtu yeyote, na bado kuna ofisi nyingi zinazomtumia hivyo.

Kuna upande wa pili wa shilingi. Mtu akiwa na mkataba halali, akafanya kazi, asilipwe, kisha akashinda kesi dhidi ya kaunti, hawezi kumtuma dalali wa korti kuchukua gari la wagonjwa au kompyuta za ofisi. Sheria ya Mashtaka dhidi ya Serikali, kifungu cha 21, inazuia jambo hilo, na kinga hiyo inazihusu kaunti pia. Mdai hupewa cheti cha korti kinachoonyesha kiasi anachodai. Asipolipwa, hurudi Mahakama Kuu kuomba amri ya kumlazimisha afisa mhusika kulipa. Afisa akiidharau amri hiyo, anaweza kufungwa yeye binafsi kwa kudharau mahakama. Muda huo wote riba inaendelea kupanda, na inalipwa na kodi ya mwenye kibanda na ada ya maegesho. Wakili mzuri wa ndani ni yule anayeiandikia hazina mapema kwamba deni hili halina utetezi, lilipwe sasa. Ushauri huo haupendwi. Mara nyingi ni rahisi zaidi kusema kesi bado iko kortini.

Mtego ulio mgumu kuliko yote ni wa siri. Mazungumzo ya wakili na mteja wake yanalindwa na kifungu cha 134 cha Sheria ya Ushahidi, na wakubwa wengi hudhani ulinzi huo ni kama blanketi la kufunika kila kitu. Sivyo. Kifungu hicho chenyewe kinasema mazungumzo yaliyofanywa ili kuendeleza uhalifu hayalindwi, wala ulaghai ambao wakili ameushuhudia tangu aanze kazi hiyo. Sheria ya Hongo ya 2016 imekwenda mbali zaidi: mtu mwenye mamlaka katika taasisi ya umma au ya binafsi, akijua au akishuku kwamba hongo imetolewa, anatakiwa aripoti kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi ndani ya saa 24. Siku moja tu. Hapo wakili aliyeajiriwa hujikuta kati ya mkubwa anayemwambia mambo ya nyumbani hayatoki nje na sheria inayosema yatoke kabla ya kesho. Kumtisha au kumsumbua anayeripoti hongo ni kosa la jinai, lakini sheria pekee haimrudishii mtu marafiki kazini.

Data za watu ni mzigo mpya kidogo. Tangu Sheria ya Kulinda Data ya 2019, hospitali, shule na sacco zinatakiwa kueleza zinakusanya nini kuhusu mtu na kwa sababu gani. Data zikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mtu, Kamishna wa Data ajulishwe ndani ya saa 72. Wanaodhani haya ni ya Nairobi na kampuni za simu wakumbuke kwamba mwaka 2023 shule moja ilitozwa faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi.

Halafu kuna kufutwa kazi. Meneja amemkamata karani na risiti bandia, ushahidi upo, anataka barua ya kumfuta iandikwe leo. Wakili anamwambia asubiri. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinataka karani aelezwe kosa kwa lugha anayoielewa, mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi awepo, na utetezi wake usikilizwe. Hatua hizo zikirukwa, korti inaweza kumpa fidia ya hadi mishahara ya miezi 12, hata kama risiti zilikuwa bandia kweli. Meneja husema wakili anatetea wezi. Kwa kweli analinda akiba ya taasisi, ambayo kwa sacco ni akiba ya wanachama.

Mkazi anaingiaje katika haya yote? Kwa barua. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 zinampa kila raia haki ya kuomba nakala ya mkataba wa kisima cha kijijini kwake au ripoti ya matumizi ya fedha, bila kueleza anaitakia nini. Ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika huenda akasema kwa mdomo, na afisa ni lazima amwandikie. Jibu linatakiwa ndani ya siku 21, au saa 48 ikiwa habari hiyo inahusu uhai au uhuru wa mtu. Mara nyingi barua hiyo hupelekwa kwa wakili wa ndani, naye ndiye anayeshauri nini kitolewe na nini kizuiwe. Akinyimwa, mwombaji ana siku 30 za kupeleka lalamiko kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki, ile inayojulikana kama Ofisi ya Ombudsman.

Nafasi sasa ni ya maswali.