Alama Kwenye Mwimo wa Mlango

Wahitimu wa kidato cha nne, wanangu, hongereni.

Mlipoingia mmepangwa kwa kimo, wafupi mbele. Nikamkumbuka binti wa miaka 14 niliyempima kliniki. Alivua kandambili, akabana visigino kwenye ubao, nikamshushia kipimo kichwani: sentimita 129. Bibi yake akasema, "Ni udumavu tu huo, nesi." Hapa Katavi udumavu tunaujua, kwa hiyo jibu hilo halichelewi. Lakini binti alikuwa amenona, wadogo zake walishampita, na dalili za kuvunja ungo hakuwa nazo.

Wanangu, hali aliyonayo binti yule huitwa Turner, kwa jina la Henry Turner, daktari wa Marekani aliyeieleza mwaka 1938. Kwa kawaida msichana ana kromosomu X mbili. Mwenye hali hii anayo moja, au ya pili ina kasoro. Humpata takriban msichana 1 kati ya 2,000 hadi 2,500. Hakurogwa, wala mama yake hakukosea mwiko wowote wa ujauzito. Wengine huzaliwa viganja na nyayo vimevimba. Wengine hawana dalili ila kimo. Akili wanazo kama ninyi. Bila matibabu, wengi huishia kwenye sentimita 140 na kitu.

Tiba ipo. Sindano za homoni ya ukuaji huongeza kimo zikianza mapema, kabla mifupa haijafunga. Homoni nyingine humsaidia kupevuka. Moyo na figo navyo lazima vichunguzwe, maana huko ndiko hatari hujificha. Safari huanzia zahanati, ikapita Mpanda, ikafika hospitali kubwa zenye mabingwa. Ni ghali na ni mbali, na kila mwaka unaopotea haurudi.

Yule binti alichelewa kwa sababu kadi yake ya kliniki iliishia alipotimiza miaka 5. Baada ya hapo hakuna aliyempima. Walimwita Kafupi tu.

Basi nawaomba hivi. Leo mkifika nyumbani, msimamisheni mdogo wenu kwenye mwimo wa mlango, mchore alama kwa penseli na kuandika tarehe. Mwakani rudieni. Kabla ya kubalehe, mtoto hupanda kama sentimita 5 kwa mwaka. Alama zikigandamana, msimcheke, msimpe jina. Mleteni tumpime.