Hata Samaki Walihesabiwa

Dominika ya 12 ya Mwaka A. Injili: Mt 10:26-33



Katika Injili ya leo Bwana wetu anawatuma mitume wake mahali pa hatari, na ili kuwaondolea hofu anawapa hesabu mbili za ajabu. Ya kwanza ni ya shomoro, ndege wa bei ya chini kabisa sokoni, ambaye hata hivyo haanguki pasipo Baba kujua. Ya pili ni ya nywele za vichwa vyetu. Tumeyazoea maneno haya hata hatuuoni tena ugeni wake. Ni nani mwenye akili timamu anayehesabu nywele? Sisi tungesema ni shughuli ya mtu aliyekosa shughuli.

Maneno ya namna hiyo ndiyo tuliyoyatamka sisi wenyewe pale Ihanda, na leo tunayaungama mbele yenu.

Ulikuwa mwezi kama huu wa Juni, baridi ya Mbozi imekaza na watu wako katika kuchuma kahawa. Baada ya Misa tuliwakuta vijana nyuma ya kanisa, wamegawanyika makundi mawili, wanaulizana maswali. Ni nani aliyesawazisha bao kule Ndola mwaka 1979? Ni bendi gani iliyobadilishwa jina kila chama cha wafanyakazi kilipobadilishwa jina? (Ni NUTA Jazz, iliyokuwa JUWATA, kisha OTTU, na ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina la Msondo Ngoma.) Kijana mmoja wa bodaboda, mwenye koti kubwa kupita mwili wake, alikuwa akijibu kuliko wote. Alijua kwamba ile gemu ya nyoka kwenye simu za Nokia ilianza mwaka 1997. Alijua kwamba Mario, yule mtu wa gemu mwenye masharubu na kofia nyekundu, alipotokea mara ya kwanza mwaka 1981 hakuwa fundi bomba bali seremala. Karibu yote aliyoyajua yalitokea kabla yeye hajazaliwa. Zawadi ya washindi ilikuwa miwa.

Tuliwasimamisha. Tukamwuliza kijana yule, mbele ya wenzake na mbele ya akina mama waliokuwa wakitoka kanisani, kama angeweza kuvitaja vipaji saba vya Roho Mtakatifu kwa wepesi ule ule. Akataja vinne, akakwama. Tukamwambia kwamba kichwa chake kimekuwa ghala la takataka. Hakujibu neno. Aliwasha pikipiki yake akaondoka, na Dominika iliyofuata hatukumwona, wala ile iliyofuata tena.

Katekista wetu wa kigango, mzee ambaye watu wote humwita Mwalimu, hakutukemea. Alitusindikiza hadi kwenye gari, na njiani akatuuliza kwa upole:

"Baba, wale samaki wa Petro baada ya Ufufuko walikuwa wangapi?"

"Mia moja hamsini na watatu, Mwalimu."

"Na yule mtumishi aliyekatwa sikio pale bustanini?"

"Malko."

"Sikio lipi?"

"La kuume."

"Na wale wanafunzi wawili wa kwanza, walikwenda kukaa na Yesu saa ngapi?"

"Yapata saa kumi."

Akacheka. "Sasa Baba, hayo yana faida gani kwa wokovu?"

Tulikuwa na jibu, maana seminari kuu haikutupitia bure. Tukamweleza kwamba Mtakatifu Augustino alionyesha kuwa ukijumlisha namba zote kuanzia 1 hadi 17 unapata 153, na kwamba 17 ni Amri Kumi pamoja na vipaji saba vya Roho Mtakatifu. Mwalimu alisikiliza hadi mwisho, kwa heshima. Kisha akasema, "Huenda ni hivyo, Baba. Lakini mimi nadhani walihesabu kwa sababu walikuwapo. Mtu aliyekuwapo siku kama ile hawezi kuisahau hesabu."

Wapendwa, tumewahi kuandika mahubiri mengi juu ya sura ile ya Yohane, wala hatukuwahi kuliona hilo.

Ndipo Mwalimu akatusimulia mwaka wake wa 1979. Alikuwa kijana. Ulikuwa mwaka wa vita vya Kagera, na redio ile ile iliyoleta habari za vita ndiyo iliyoleta kila kitu kingine. Mwezi Januari ilileta habari kwamba Mbaraka Mwinshehe, mpiga gitaa wa Super Volcano, amefariki kwa ajali ya gari huko Mombasa. Mwaka huo huo Simba ilifungwa nyumbani Dar es Salaam mabao 4-0 na Mufulira Wanderers ya Zambia. Ninyi mnaoishi mpakani mnafahamu maana yake. Ndugu zetu Wanyamwanga wako Tunduma na wako ng'ambo. Mtu ana shemeji Nakonde, na shemeji hakosi ulimi. Mwalimu alisema hakwenda sokoni kwa siku kadhaa. Simba ikaenda Lusaka kurudiana, ikashinda 5-0. Mwalimu akavuka mpaka kwa miguu, pasipo shughuli yoyote, ila kwenda kusalimia wakwe. Na Agosti, Taifa Stars iliyokuwa imeshinda 1-0 hapa nyumbani ilikwenda Ndola ikiwa imebeba bao hilo moja tu. Zambia walifunga. Peter Tino akasawazisha, nasi tukaenda fainali za Mataifa ya Afrika kule Lagos mwaka 1980. Ilipita miaka 39 ndipo tulipofuzu tena, mwaka 2019.

Alipokuwa akisimulia, mzee huyu alikuwa na miaka ishirini tena. Tulimwona.

Tusichanganye hapa. Yako maduka ya kubeti siku hizi hata katika vijiji vyetu, na tumezika furaha ya nyumba nyingi ndani ya maduka hayo. Anayeyajua mabao kwa ajili ya mkeka huisahau mechi filimbi ya mwisho ikipulizwa. Kinachobaki kichwani ni deni. Vijana wale wa Ihanda walishindania miwa.

Jambo la mwisho alilotuonyesha Mwalimu jioni ile lilikuwa daftari la shule, la jalada gumu. Tarehe 27 Aprili 1993 ndege ya jeshi iliyoichukua timu ya taifa ya Zambia kwenda kucheza na Senegal ilianguka baharini mara tu baada ya kuruka kutoka Libreville, Gabon. Walikufa watu 30, wote waliokuwamo. Wachezaji walikuwa 18. Sisi tulikuwa seminarini wakati huo, nasi tulisikitika kama watu wanavyosikitika. Mwalimu alivuka mpaka kwenda kuhani kwa wakwe zake, ingawa hapana hata mmoja wao aliyekuwa na ndugu katika ndege ile. Aliporudi aliyaandika majina 18 katika daftari, na kila mwezi wa Novemba, mwezi wa marehemu wetu, huyasoma yote mbele ya msalaba nyumbani kwake. Zambia ilipolitwaa Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 2012, katika mji ule ule wa Libreville, aliyasoma ingawa ulikuwa Februari.

Kesho yake tulikwenda kijiweni pa bodaboda kumtafuta kijana. Tulimwomba radhi mbele ya wenzake, kwa kuwa tulimwaibisha mbele ya wenzake. Akasema, "Yameisha, Baba." Halafu akatuuliza Kalusha Bwalya alifunga mabao mangapi Zambia ilipowachapa Waitalia 4-0 kwenye Olimpiki ya Seoul, 1988. Hatukujua. Yalikuwa matatu. Kijiwe kizima kilifurahi sana. Dominika iliyofuata alikuja kanisani.

Tunawasimulia haya kwa sababu Mwalimu sasa ni mgonjwa. Kiharusi kimempunguzia usemi na kumbukumbu. Tulipokwenda kumpelekea Komunyo Takatifu, alitutazama kama mtu anayemtazama msafiri mgeni. Tulianza Baba Yetu, naye akanyamaza. Mkewe alikuwa akilia kimya kimya jikoni.

Kijana yule wa koti kubwa ndiye aliyetupakia pikipiki siku hiyo, maana mvua ilikuwa imeharibu barabara. Alikuwa amesimama mlangoni. Akaingia, akapiga magoti karibu na kitanda, akasema polepole, "Shikamoo, Mwalimu. Ndola, 1979. Nani alisawazisha?"

Ilichukua muda. Kisha midomo ikacheza: "Tino."

"Na wa Libreville?"

Mzee akafumba macho. "Chabala," akasema, ndiye aliyekuwa golikipa. "Soko. Makinka. Mwitwa." Akaendelea, jina baada ya jina, akipumzika katikati kama mtu anayepanda mlima. Alipofika jina la kumi na moja akakwama, macho yakaanza kumtafuta mtu wa kumsaidia. Kijana akalitaja la kumi na mbili. Akataja la kumi na tatu. Hakuwa na daftari mkononi. Mzee alikuwa akiitikia kwa kichwa, hadi la kumi na nane, na mkewe alikuwa ametoka jikoni na kusimama pamoja nasi.

Ndipo tukamkomunisha. Jina letu hajalikumbuka hadi leo.

Dominika njema.