Baiskeli Iishie Ukingoni mwa Msitu

(Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma wa Kyimo, wilayani Rungwe)



Kila asubuhi mawingu yanapotuachia nafasi, Mlima Rungwe tunauona kutoka hapa Kyimo. Urefu wake unakaribia mita 2,960 juu ya usawa wa bahari. Twawafundisha watoto kwamba ni volkano iliyolala, tena twawachorea ubaoni. Lakini ni wangapi kati yetu waliokwisha kusimama kileleni? Nilipouliza hivyo katika chumba cha walimu nilijibiwa kwa kicheko, kisha kwa udhuru: mlima u mbali.

Udhuru huo una ukweli ndani yake. Basi hukushusha kwenye lami, Kiwira au Isongole, na kutoka hapo ni mwendo wa kupanda katikati ya migomba na viazi kabla hujaufikia msitu. Aendaye kwa miguu hufika ukingoni jua limekwisha kupanda, na mlima wenyewe hajauanza. Katika wilaya yenye mvua kama yetu, aliyechelewa asubuhi huvuna mvua mchana. Hapo ndipo baiskeli ipatapo kazi yake: huokoa saa za kwenda, na zaidi saa za kurudi. Mtaniambia bodaboda zipo. Zipo, lakini hesabuni nauli ya wanafunzi ishirini, kwenda na kurudi.

Nasema iishie ukingoni. Mwishoni mwa 1984 Waingereza wawili, Nicholas na Richard Crane, walifikisha baiskeli kilele cha Kilimanjaro, na mahali pengi walizibeba wenyewe. Ushujaa wao siubishi, ila baiskeli inayobebwa imekwisha kuwa mzigo. Tena msitu wa Rungwe ni Hifadhi ya Mazingira Asilia tangu 2009. Humo huishi kima aitwaye kipunji, aliyetambuliwa na wanasayansi mwaka 2003, ambaye wawindaji wa huku walikuwa wakimjua zamani. Magurudumu yakichimba njia ya mteremko, mvua huigeuza mfereji, na udongo huteremka mitoni. Basi tupande kwa miguu, tukiwa na kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu na mwenyeji aijuaye njia.

Mimi mwenyewe niliwahi kuadhibiwa na mteremko. Nilirudi na mvua, raba za breki zimelika, nikakamata breki bila kupata jibu. Shamba la chai ndilo lililonipokea. Nilichanika goti, na kesho yake nikafundisha nimeketi, wanafunzi wakinong'ona. Kosa halikuwa la baiskeli, nilikuwa sikuikagua.

Wanaoanza, hasa wanafunzi, nawashauri waanzie Ngozi. Kupanda kwake ni kufupi, na ukifika ukingo wa kreta unaliona ziwa chini yako, somo zima la jiografia bila chaki. Baiskeli mziache kwenye mji wa mtu mzima anayefahamika, mkibisha hodi kwa adabu, na mkirudi msiondoke mikono mitupu.

Mwezi Juni, mvua zikipungua, tutaondoka hapa Jumamosi moja saa kumi na moja alfajiri. Baridi ya Juni mnaijua. Njooni na makoti. Ijumaa jioni nitapita kwa kila atakayejiandikisha, nikiwa na spana na raba za breki.