Ushuru Tunaoulipa Kimya

Maneno yaliyosemwa kwenye harambee ya mwaka



Nimepewa dakika chache kabla bahasha hazijaanza kuzunguka. Mimi ni mhasibu, kwa hiyo mtanivumilia nikianza na hesabu.

Tuseme mama amenunua gunia la maharage shambani kwa shilingi 180,000. Usafiri na kupakia, 10,000. Analiuza Kilombero kwa 200,000, anabaki na faida ya 10,000. Ushuru wa mazao ya chakula ni asilimia 2 ya bei ya shambani, yaani 3,600. Ni zaidi ya theluthi ya faida yake. Kodi ya kampuni hapa nchini ni asilimia 30 ya faida. Huyu mama wa gunia moja analipa 36, na akipata hasara ushuru uko pale pale, kwa sababu unatozwa kwenye bei, si kwenye faida.

Na hiyo ni nafuu. Hadi 2017 kiwango kilifika asilimia 5. Mwaka ule kilishushwa kuwa 2 kwa chakula na 3 kwa mazao ya biashara, na ikaelekezwa kwamba mzigo usiozidi tani moja usitozwe ushuru ukitoka halmashauri moja kwenda nyingine. Tani moja ni magunia kumi ya kilo mia. Shangazi yangu alitozwa kwa magunia matatu kwenye kizuizi fulani, mwaka mmoja baada ya hapo. Alilipa. Gari lilikuwa linamsubiri na hakuna aliyemwambia.

Wa rika langu mnakumbuka kodi ya maendeleo. Mgambo wakionekana barabarani, wanaume walikuwa wanaingia porini, na sisi watoto tulifundishwa kusema baba kasafiri. Ilifutwa 2003 tukashangilia, na mimi nilishangilia. Lakini pengo lile lilizibwa na ruzuku ya Serikali Kuu, na tangu hapo halmashauri zinaitazama Hazina kuliko zinavyotutazama sisi. Kodi ya majengo nayo ilihamia TRA 2016, na tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, ilianza na 1,000 kwa mwezi. Ni rahisi kukusanya, sibishi. Ila niambieni, nani hapa amewahi kununua umeme halafu akauliza ile elfu moja imefanya nini?

Msimamo wangu mnaujua. Naamini mfanyabiashara akiachiwa hela yake ataitumia vizuri kuliko ofisi. Mzee mmoja amenikamata pale nje akaniambia zahanati haijengwi na soko huria. Ni kweli, mzee. Sisemi tusilipe. Nasema tunalipa tayari, getini, kizuizini na kwenye mita, halafu tunakuja hapa kuchangia choo cha soko kana kwamba hatujawahi kutoa senti. Kama mhasibu hilo naliona ni kulipa mara mbili.

Sasa, vibanda na vyoo vya soko tunavyochangia leo. Tukivijenga na kukabidhi tu funguo, mwakani wafanyabiashara wetu watapangishwa vibanda tulivyojenga wenyewe, kwa kodi iliyopangwa na mtu mwingine. Napendekeza mkataba uandikwe kabla ya tofali la kwanza: kodi ya vibanda ikae kwenye akaunti ya soko kwa miaka kadhaa tutakayokubaliana, choo apewe mtu wa hapa kwa zabuni ya wazi, na ushuru wa soko ubandikwe ubaoni, kiwango na makusanyo ya kila mwezi. Mkutano mkuu wa kijiji kisheria unakaa kila miezi mitatu na mapato na matumizi yanapaswa kusomwa pale. Sisi wa mjini tuache kuukosa halafu tukalalamika kwenye WhatsApp. Mimi mwenyewe nimekosa mitatu mfululizo.

Fomu yangu ya ahadi nimeshaijaza: shilingi 500,000. Nusu nimemkabidhi mweka hazina asubuhi hii. Nusu nyingine nitaileta siku mkataba utakaposainiwa, na nimeandika hivyo pembeni ya fomu kwa kalamu nyekundu. Mwenyekiti ameshaisoma, amecheka, lakini ameipokea.