Chumvi na Shinikizo la Damu
Kipindi hiki cha elimu kwa umma kinahusu shinikizo la juu la damu, yaani hali ambayo damu husukuma kuta za mishipa kwa nguvu iliyozidi kiasi, na ambayo kwa mtu mzima hutambuliwa pale vipimo vinaporudia kuonyesha 140 kwa 90 au zaidi. Kwa kuwa mara nyingi hali hii haina dalili, wengi huishi nayo kwa miaka bila kujua, hadi inapodhuru moyo na figo au kuleta kiharusi, ambacho hutokea mshipa wa damu unapoziba au kupasuka katika ubongo.

Miongoni mwa visababishi vyake ni chumvi, ambayo madini yake ya sodiamu hubakiza maji mwilini na hivyo kuongeza wingi wa damu inayopita katika mishipa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima atumie chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, takriban kijiko kimoja cha chai, ikijumuishwa ile iliyomo katika mkate, samaki ng'onda na chipsi. Ndimu, tangawizi na kitunguu saumu huweza kukipa chakula ladha chumvi inapopunguzwa, huku kutembea kwa haraka dakika 30, siku 5 kwa wiki, kukiimarisha moyo.

Wasikilizaji wanahimizwa kupima shinikizo la damu katika kituo cha afya kilicho karibu, na walioandikiwa dawa wasiziache kwa sababu tu wanajisikia vizuri.