Tuta, Mtaro na Choo: Kazi ya Kiangazi Mjini Kilosa

Jioni ya leo twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo watu wengi huona haya kulitaja mbele ya wageni, nalo ni maji machafu ya mji, na jinsi yapasavyo kupewa njia yake tena baada ya mafuriko kuiharibu. Hatutasema habari za miji mikubwa. Tutautazama mji mdogo wa Kilosa, pamoja na jirani zake walioko kwenye njia ya kwenda Mikumi, ndio watu wa Ulaya. Msikilizaji aliye mbali asidhani kwamba twataka kumvusha bahari. Ulaya hii ni kata ya Wilaya ya Kilosa, yenye vijiji vya Ulaya Mbuyuni na Ulaya Kibaoni, na watu wake huitazama mvua kwa tumaini na kwa hofu, kama wakulima wote.

Neno letu ni moja, nasi twalitanguliza ili lisipotee katikati ya maneno mengi. Mafuriko huja wakati wa mvua, lakini madhara yake hutengenezwa wakati wa kiangazi.

Kwanza yafaa tujue mahali penyewe. Kilosa umekaa chini ya milima, pale mto Mkondoa unapotoka bondeni na kuingia katika nchi tambarare. Maji ya mto huo hayatoki Kilosa peke yake. Mengine hutoka katika nchi kavu ya Dodoma na Mpwapwa kwa mto Kinyasungwe, yakapita Gulwe na Kidete, kisha yakashuka katika bonde jembamba ambalo Reli ya Kati nayo hulifuata. Mwishowe huingia katika mto Wami, ambao humwaga maji yake baharini karibu na Saadani. Kwa hiyo mtu wa Kilosa aweza kulala usiku mbingu zikiwa safi, nyota zikionekana, na alfajiri akaamshwa na maji mlangoni, kwa kuwa mvua ilinyesha mbali, katika nchi asiyoiona. Tena mto huo haubebi maji matupu. Hubeba mchanga na udongo wa vilima vilivyokatwa miti, na ufikapo mahali tambarare huutua mzigo wake. Kila mwaka kitanda cha mto huinuka kidogo, na tuta lililokuwa refu jana huwa fupi leo, ijapokuwa hakuna mtu aliyelipunguza.

Wala jambo hili si geni. Mwaka 1872, Henry Morton Stanley aliporudi pwani baada ya kuonana na Livingstone, alikuta nchi ya Mkondoa na mbuga ya Mkata imefunikwa na maji, na vijiji alivyovipita mwaka uliotangulia vimechukuliwa. Mwaka huo huo, mwezi wa Aprili, tufani kubwa iliipiga Unguja. Waliotawala nchi baadaye waliuona mji wa Kilosa umewekwa mahali pa hatari, wakajenga tuta la udongo kando ya mto ili kuulinda. Tuta hilo lilikaa miaka mingi, na watu wakazaliwa na kuzeeka nyuma yake. Hapo ndipo ilipoanza hatari ya namna nyingine, maana kitu kilichokaa muda mrefu bila kuanguka, watu hukiona kama kilima kilichokuwapo siku zote, wala hawakumbuki kwamba kilijengwa kwa mikono na chahitaji mikono.

Mwishoni mwa Desemba 2009 mvua kubwa zilinyesha katika nchi za juu. Bwawa la Kidete, ambalo lingeipunguza nguvu gharika, lilibomoka. Tuta la Mkondoa nalo likavunjika, na maji yakaingia mjini. Watu zaidi ya 20,000 walikosa makao, wakahifadhiwa katika mashule na mahema. Reli ilichukuliwa na maji kati ya Kilosa na Gulwe, na safari za garimoshi zikasimama kwa miezi kadhaa, hata mizigo ya Tabora, Mwanza na Kigoma ikatafuta njia nyingine. Basi twaona ya kuwa tuta la mji mdogo si mali ya mji huo tu. Likivunjika, hata mfanya biashara wa Kigoma, asiyeujua mto Mkondoa, hupata hasara.

Watu walipouliza sababu, jibu halikuwa mvua peke yake. Tuta lilikuwa limelimwa bustani. Ng'ombe walikuwa wamelikanyaga wakienda kunywa maji. Nyumba zilikuwa zimesogezwa karibu nalo. Lakini tusiwe wepesi wa kuwalaumu maskini. Mtu hulima mchicha juu ya tuta kwa sababu udongo wake una unyevu na hana shamba jingine lenye maji. Mchungaji hupitisha ng'ombe wake hapo kwa sababu hakuonyeshwa njia nyingine. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu katika mita 60 kutoka ukingo wa mto, nayo ni sheria njema. Walakini sheria isiyompa mtu mahali pengine pa kulima huvunjwa usiku. Wenye kusimamia mji hawana budi kuchagua mahali pawili au patatu, wapatandaze mawe, wapafanye njia ya ng'ombe, na kumwonyesha mwenye bustani kiwanja mbali na tuta. Hapo ndipo watakapokuwa na haki ya kumtoza faini mwenye kukaidi.

Sasa tuseme juu ya kazi yenyewe. Kulitengeneza tuta si kumwaga udongo juu ya udongo. Udongo mpya ukimwagwa juu ya mteremko wa zamani haushikani nao, na maji huupenya mpaka kati yao. Kwanza yapasa kung'oa magugu na kufukua mashimo ya panya na mchwa. Kisha ule mteremko wa zamani ukatwe mfano wa ngazi, ili upya na ukuukuu viumane. Baada ya hayo udongo utiwe tabaka kwa tabaka, kila tabaka unene wa sentimita 20 hivi, unyevunyevu, si tope wala vumbi, nao ushindiliwe kabla ya kutia tabaka jingine. Mwisho pandeni majani yenye mizizi mingi, kama ukoka, yashike uso wa tuta. Msipande miti juu yake, maana mti ukifa mizizi yake huoza na kuacha mifereji ndani ya tuta, na maji hayana haja ya mlango mkubwa.

Tena, tuta likiwa zima lina shida yake. Lazuia maji ya mto yasiingie mjini, lakini lazuia pia maji ya mvua ya mji yasitoke. Kwa hiyo tuta bila mitaro ni sawa na bakuli. Mtaro wapasa kuwa na mteremko, na kalavati zake zisizibwe kwa mchanga, majani na chupa tupu. Palipo na bomba lipitalo chini ya tuta, mdomo wake wa upande wa mto uwekewe mlango wa chuma ufungukao kwa nje tu, ili maji ya mji yatoke mto uwapo chini, na mto uinukapo ujifungie mlango wenyewe. Watu wa Ulaya na wa Mikumi nao hili lawahusu, maana kila barabara ipitayo katikati ya makazi huyakusanya maji na kuyapeleka uani kwa mtu, mitaro yake isipotunzwa.

Twaja sasa katika sehemu ambayo wengi huikwepa. Katika miji mikubwa uchafu wa vyoo huchukuliwa na mabomba chini ya ardhi, na bomba likipasuka mafundi hujulishwa mahali pamoja. Katika mji mdogo nyumba nyingi zina shimo la choo, na chache zina karo. Maana yake ni kwamba mji kama Kilosa una mitambo ya maji machafu kwa maelfu, na kila mtambo una bwana wake. Maji yakiingia, maelfu hayo huharibika kwa siku moja. Choo hujaa, kuta zake hubomoka ndani, na kilichokuwa shimoni huelea mpaka kisimani. Wakati huo yale tuliyoyatenga, chakula upande huu na kinyesi upande ule, huchanganyika tena, na ndipo kipindupindu kipatapo nafasi. Mwaka 2015 ugonjwa huo ulianza Dar es Salaam mwezi wa Agosti, ukaenea katika mikoa mingi ya Tanzania Bara. Haukuwa na haja ya mafuriko makubwa; palipo kisima kichafu na mikono isiyonawiwa hupata makao.

Nasi tusidhani kwamba wazungu walizaliwa wakiyajua haya. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua watu zaidi ya 600 katika mtaa mmoja wa London. Daktari John Snow aliandika mahali walipokufa, akaona ya kuwa wengi wao walichota maji katika pampu moja ya Broad Street, akawashauri wakuu wauondoe mpini wake. Baadaye watu walipochimba, walikuta shimo la maji machafu lililojengwa kwa matofali zamani, na matofali yake yameoza. Lilikuwa chini ya mita moja kutoka kwenye kisima. Hakuna aliyelikusudia lile shimo livuje. Lilizeeka tu, wala hapakuwa na mtu aliyelitazama.

Basi baada ya mafuriko yafaa tufanye nini? Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, hata yakionekana meupe. Kisima kilichoingiwa na maji kichotwe mpaka kiishe, kisafishwe, kitiwe klorini kwa kipimo cha Bwana Afya, ndipo kitumike. Shimo la choo lililobomoka lisifukuliwe. Lijazwe udongo, liwekwe alama, na jingine lichimbwe mahali pa juu. Liwe mbali na kisima mita 30 au zaidi, na kitako chake kisiyafikie maji ya ardhini, bali pawe na mita moja na nusu ya udongo mkavu kati yake. Mahali ambapo maji ya ardhini yako karibu, msichimbe kwenda chini sana. Inueni sakafu ya choo juu ya kifusi kilichoshindiliwa, mkaupande kwa ngazi. Ukuta wa shimo ujengwe kwa matofali ya kuchoma, na sehemu ya juu ipigwe saruji ili maji ya mvua yasiingie. Gharama yake si ndogo. Lakini ni ndogo kuliko ya kujenga choo kila masika.

Na kuna desturi moja ambayo hatuna budi kuikemea waziwazi. Watu wengine husubiri mvua kubwa, kisha hutoboa choo na kuuachia uchafu uchukuliwe na maji ya mtaro. Huita kutapisha choo. Mwenye kufanya hivi husema amejiokoa na gharama ya kuzoa. Kweli amejiokoa, ila ameipeleka gharama hiyo kwa mtoto wa jirani achezaye katika maji yale. Pasipo na gari la kuzolea uchafu, nyumba kumi zaweza kuchanga fedha na kuliita kwa pamoja kutoka mji mkubwa, au kuchimba vyoo viwili viwili, kimoja kitumike na kingine kipumzike mpaka kilichomo kigeuke udongo.

Imebaki kusema habari ya wakati. Hapa kwetu mvua za vuli huanza mnamo Novemba, na masika huwa kati ya Machi na Mei. Tangu Juni hata Oktoba nchi ni kavu, mto ni mwembamba, na watoto huuvuka kwa miguu. Hiyo ndiyo miezi ambayo tuta laweza kushindiliwa, mitaro kuzibuliwa na vyoo kuchimbwa. Lakini hiyo pia ndiyo miezi ambayo hakuna anayeogopa. Wakuu wana shughuli nyingine, na mkutano ukiitwa juu ya mitaro huja wazee watatu. Mnamo Januari, maji yakiwa magotini, mkutano hujaa, wala hakuna udongo mkavu wa kujengea.

Kwa hiyo twatoa shauri hili kwa kila kijiji na kila mtaa ulio karibu na mto. Chagueni siku moja katika Julai. Watu watembee juu ya tuta lote toka mwanzo hata mwisho, na wanafunzi wa shule wawe pamoja nao, waandike kila shimo, kila njia ya ng'ombe na kila mahali palipobonyea. Mtaro nao uandikwe vivyo hivyo, na choo cha kila nyumba. Karatasi hiyo isomwe mkutanoni, na mbele ya kila kasoro liandikwe jina la mwenye kuitengeneza na tarehe ya kumaliza. Mwezi wa Oktoba isomwe tena. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee, na hawakusema ufa huo uzibwe mvua ikinyesha.